Mng'aro Hauletwi na Asidi: Jinsi ya Kusafisha na Kung'arisha Mawe ya Nyumbani

Desemba ikikaribia, nyumba nyingi katika kaunti yetu huanza kupigwa deki kuliko wakati mwingine wowote. Jamaa wanarudi kutoka Nairobi, Mombasa na Eldoret, wageni wanatarajiwa, na kila mtu anataka veranda ing'ae na meza ya jikoni ionekane mpya. Huu pia ndio wakati ambapo mawe mengi huharibiwa. Hayaharibiwi na uchafu. Huharibiwa na dawa tunazoyamwagia.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Krismasi, nilitaka kumfurahisha mama. Veranda ya nyumbani ina sakafu ya terazo, nayo ilikuwa imefifia. Nikanunua dawa ya choo, nikaimwaga bila kuipunguza makali, nikaanza kusugua. Ilitoa povu jingi. Nilidhani povu lile ni uchafu unaotoka. Sakafu ilipokauka, ilikuwa na mabaka meupe na ilikwaruza nyayo kama msasa. Mama alitoka, akaiangalia, akaniuliza, "Mwanangu, umeiosha au umeichubua?"

Fundi aliyeitwa kuirekebisha alipitisha kiganja juu ya sakafu na kuniambia hakuna dawa ya kuirudisha. Lazima isagwe upya. Alifanya kazi siku tatu, na malipo yake yalimaliza pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya sikukuu. Somo hili limetokana na siku hizo tatu. Ukilisoma hadi mwisho utaweza kutambua jiwe ulilo nalo, kulisafisha bila kulidhuru, na kujua ni lini uendelee mwenyewe na ni lini umwite fundi.

MNG'ARO HUTOKA WAPI?

Ukisafiri kwa barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, utaliona Jiwe Linalolia la Ilesi, ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwe. Ni jiwe la itale, au graniti kama mafundi wetu wanavyosema. Mvua na jua vimelipiga tangu enzi na enzi, na uso wake ni wenye mikwaruzo. Sasa angalia meza ya jikoni ya graniti: inang'aa hadi unaona taa ikijitokeza ndani yake. Hakuna rangi iliyopakwa. Tofauti kubwa ni kwamba uso wa meza umesagwa ukawa laini.

Uso laini hurudisha mwanga kwa pamoja, kama kioo au maji yaliyotulia. Uso wenye mikwaruzo midogo hutawanya mwanga huku na huko, na jicho huona kitu kilichofifia. Kung'arisha jiwe, basi, ni kupunguza mikwaruzo: unasaga kwa msasa mkali, kisha ulio laini kidogo, kisha ulio laini zaidi, mpaka mikwaruzo iwe midogo kiasi cha kutoonekana.

Ukielewa jambo hilo moja, utajua kwamba jiwe hufifia kwa sababu tatu tu:

1. Limefunikwa na uchafu, mafuta, au mabaki ya sabuni na nta. Hili hutatuliwa kwa kuosha.

2. Limechakaa kwa mchanga na nyayo. Hili hutatuliwa kwa kusaga.

3. Limeliwa na asidi. Hili nalo hutatuliwa kwa kusaga.

Hakuna dawa ya kumwaga inayoweza kufanya kazi ya kusaga. Asidi hula uso wa jiwe na kuongeza mashimo. Ndiyo maana sakafu ya mama ilizidi kufifia kadiri nilivyozidi kusugua.

JUA JIWE LAKO

Mawe manne ndiyo hupatikana sana katika nyumba zetu.

Graniti hutumika kwa meza za jikoni, ngazi na mabamba ya makaburi. Ina chembechembe za rangi mbalimbali na ni ngumu sana. Wataalamu hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Kwazi, mojawapo ya madini yaliyomo ndani ya graniti, iko kwenye 7. Kisu cha jikoni hakiikwaruzi kwa urahisi.

Marumaru, yaani marumaru halisi na si vigae vya kiwandani, huwa na mishipa ya rangi kama moshi au mawingu. Imeundwa zaidi na kalisi kaboneti. Ugumu wake ni takriban 3, kwa hiyo kisu huikwaruza. Asidi yoyote huila, hata ya ndimu.

Terazo si jiwe moja. Ni vipande vya marumaru au mawe mengine vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa, vikakauka, kisha vikasagwa. Ilianzia Italia, katika eneo la Venice, ambako mafundi walitumia mabaki ya marumaru badala ya kuyatupa. Hapa kwetu iko kwenye veranda, ngazi, makaburi, na majengo mengi ya umma. Asidi hula vipande vya marumaru na saruji iliyovishika pia, kwa hiyo hasara yake ni mara mbili.

Jiwe la Kisii, ambalo wengine huliita jiwe la sabuni, huchimbwa Tabaka katika Kaunti ya Kisii. Tunalo kwa sahani, vinyago, vishikio vya mishumaa na mapambo ya sebuleni. Lina madini ya ulanga kwa wingi, na ulanga uko kwenye 1, chini kabisa ya kipimo cha Mohs. Ndiyo maana huchongeka kwa kisu, na ndiyo maana hukwaruzika upesi.

Kama hujui ulilo nalo, fanya majaribio haya mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango au chini ya sinki:

- Tone la ndimu. Dondosha tone moja. Likitoa viputo vidogo, au likiacha alama iliyofifia baada ya dakika moja, jiwe lako ni la jamii ya marumaru au terazo. Futa mara moja na uoshe kwa maji. Usilifanye jaribio hili katikati ya sebule!

- Ncha ya kisu. Ikiacha mkwaruzo kwa urahisi, hilo si graniti.

- Tone la maji. Liache kwa dakika 10. Likibaki limesimama juu, jiwe limezibwa vizuri. Likizama na kuacha alama nyeusi, vinyweleo vya jiwe viko wazi, na mafuta au chai vitaingia vivyo hivyo.

USAFI WA KILA SIKU

Adui wa kwanza wa sakafu ya mawe hapa Kakamega ni udongo wetu. Kaunti hii hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na matope hutufuata hadi mlangoni. Ndani ya matope hayo mna mchanga, na mchanga mwingi ni kwazi. Kumbuka vipimo: kwazi 7, marumaru 3. Kila mtu anayeingia na viatu vya matope anatembea juu ya terazo yako na msasa miguuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji sabuni. Weka kitu kizito cha kupangusia miguu nje ya mlango na kingine ndani, na mvueni viatu kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi. Fagia kila siku kwa fagio laini kabla ya kupiga deki. Ukipiga deki juu ya mchanga unausambaza na kuusugua ndani ya sakafu.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Chukua maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ikizidi, hubaki juu ya jiwe kama utando na kulifanya lionekane limefifia.

2. Piga deki kwa kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri. Maji yakichafuka, yabadilishe.

3. Suuza kwa maji safi yasiyo na sabuni. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo hurudisha mng'aro wa sakafu nyingi ambazo wenyewe wanadhani zimechakaa.

4. Kausha kwa kitambaa kikavu. Maji yakikauka yenyewe huacha alama za chumvi.

Usitumie waya ya kusugulia sufuria, majivu, mchanga, wala sabuni za unga zenye chembe kali. Sabuni ya unga ya kufulia ni afadhali ibaki kwa nguo.

Kuna desturi nyingine mbili ambazo tuziache. Ya kwanza ni kutia mafuta ya taa kwenye maji ya deki ili sakafu ing'ae. Mafuta hayo huingia ndani ya vinyweleo, huacha madoa ya manjano, na mvuke wake hushika moto. Ya pili ni kupaka terazo nta nyekundu iliyotengenezwa kwa sakafu za saruji. Rangi ile ikishaingia kwenye vipande vyeupe, kuitoa ni kazi ya mashine.

MADOA YA JIKONI

Meza ya jikoni hukutana na mambo mengi: mafuta ya kukaangia kuku, chai, bizari, nyanya, ndimu. Kanuni ni moja: futa papo hapo kwa kugandamiza kitambaa. Ukisugua huku na huko unalipanua doa. Katia ndimu na nyanya juu ya ubao, na usiweke sufuria moto au yenye maji chini moja kwa moja juu ya jiwe, kwa sababu chuma kilicholowa huacha kutu.

Doa la mafuta lililokwisha kuingia ndani linaweza kuvutwa litoke. Changanya magadi ya kuokea na maji kidogo mpaka upate uji mzito kama siagi ya karanga. Hakikisha ni magadi matupu, si ile poda ya kuumulia keki, kwa maana poda hiyo imechanganywa na asidi. Paka juu ya doa unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni, bandika kingo zake, uache saa 24. Ondoa nailoni, acha uji ukauke kabisa, kisha uufute kwa kitambaa chenye maji. Uji ukikauka hufyonza mafuta kutoka ndani ya jiwe. Doa la zamani huenda likahitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Kwa doa la chai kwenye jiwe jeupe, matone machache ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa kwenye maduka ya dawa, husaidia. Jaribu kwanza mahali palipojificha. Usiitumie kwa jiwe jeusi, maana yaweza kulichujua rangi.

Ukishaondoa madoa, na kama lile jaribio la tone la maji lilionyesha vinyweleo viko wazi, nunua dawa ya kuzibia mawe, ambayo mafundi huiita sila. Pakaa kwa kitambaa jiwe likiwa kavu kabisa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ufute yote iliyobaki juu. Sila haileti mng'aro. Hupunguza kasi ya madoa kuingia ili upate nafasi ya kuyafuta.

KUNG'ARISHA UPYA

Kazi ndogo unaweza kuifanya mwenyewe. Jiwe la Kisii ndilo zuri la kujifunzia. Tumia msasa wa maji, ule mweusi, na beseni la maji. Anza na namba 220, kisha 400, 800, na 1,200. Kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe za msasa zinavyokuwa laini. Sugua ndani ya maji au jiwe likiwa limelowa, na usihamie namba nyingine kabla mikwaruzo ya namba iliyotangulia haijaisha. Kausha kabisa, paka nta safi kidogo, kisha usugue kwa kitambaa laini. Ndivyo wachongaji wa Tabaka wanavyomalizia kazi zao. Kama kinyago kimepakwa rangi, usikipige msasa, rangi itatoka.

Alama ndogo ya ndimu juu ya marumaru, ya ukubwa wa sarafu, unaweza kuiondoa kwa unga wa kung'arishia marumaru na kitambaa chenye maji, ukisugua kwa mzunguko kwa dakika kadhaa.

Lakini sakafu nzima ya terazo, au meza ya graniti iliyofifia, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Kwa graniti, fundi hutumia pedi za almasi akipanda ngazi: 50, 100, 200, 400, 800, 1,500 na 3,000. Kwa terazo, atasaga kwa maji, ajaze vijishimo kwa saruji ya rangi inayofanana, asubiri ikauke, kisha asage tena kwa mawe laini zaidi. Akiruka ngazi, mikwaruzo mikubwa hubaki chini, nayo utaiona jua la jioni likipiga sakafu.

Kabla ya kumpa kazi, mwulize mambo manne. Je, fundi, utasaga kwa maji au kwa ukavu? Utapitia namba zipi? Utanionyesha kwanza sehemu ndogo ya nusu mita? Na tope la kusagia utalitupa wapi? Fundi anayejua kazi hatakasirishwa na maswali hayo. Akikwambia atamwaga asidi ili amalize leo, mshukuru na umwage yeye.

Swali la tope si dogo. Ni mchanganyiko wa saruji na unga wa jiwe, na likimwagwa kwenye bomba au mtaro hukauka likawa jiwe tena. Liache litulie ndooni, maji yajitenge juu, kisha tope lililobaki lizikwe mbali na kisima na mtaro.

HATARI TATU ZA KUEPUKA

Gesi. Dawa za kung'arisha nguo nyeupe, kama Jik, zikichanganyika na asidi, iwe ni dawa ya choo, siki au ndimu, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo huchoma macho, koo na mapafu, na katika bafu lisilo na dirisha inaweza kuua. Siku ile nilipoharibu veranda, chupa ya Jik ilikuwa kando yangu, na nilikuwa nimeshaifikiria kama hatua ya pili. Nashukuru sikuifungua. Ikitokea umechanganya, toka nje mara moja, uwatoe watoto, uache milango wazi, na usirudi ndani kusafisha. Anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitali. Na usihifadhi asidi katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui tofauti.

Vumbi. Graniti ikikatwa au kusagwa kavu hutoa vumbi la silika. Vumbi hili ni laini kiasi kwamba halionekani likielea, nalo likiingia kwenye mapafu huacha makovu. Ugonjwa wake huitwa silikosisi, hauna tiba, na humfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ni vumbi lile lile linalowatishia wanaosaga mawe ya dhahabu kule Ikolomani na Shinyalu, kwa sababu dhahabu ya kwetu mara nyingi hukaa ndani ya kwazi. Maji hulishika vumbi kabla halijapaa. Kitambaa puani hakitoshi. Fundi avae barakoa ya N95 inayoshika uso vizuri. Ukiona kijana anakata bamba la graniti kavu mbele ya nyumba yako huku watoto wamekaa wakitazama, simamisha kazi.

Utelezi na moto. Nta ni nzuri kwa kinyago, si kwa ngazi. Ngazi iliyopakwa nta na kunyeshewa mvua ni hatari kwa mzee na mtoto. Na wale wanaoyeyusha mishumaa jikoni kwa mafuta ya taa ili kutengeneza nta ya sakafu, tafadhali acheni. Nyumba ina thamani kuliko kopo la nta.

MAKABURI YA FAMILIA

Desemba pia ni wakati wa kusafisha makaburi ya wazazi wetu bomani. Mengi yamejengwa kwa terazo au kufunikwa graniti, na kwa mvua yetu huota ukungu na kuvu za kijani. Loweka kwa maji matupu, sugua kwa brashi ya nyuzi laini, suuza, rudia baada ya siku mbili. Usitumie asidi, jiki wala brashi ya waya, hasa juu ya maandishi. Herufi zikishaliwa, jina la marehemu halirudishwi kwa deki.

JIPIME

1. Jirani anakwambia sakafu yake ya terazo imefifia. Ni jambo gani la kwanza utakalomshauri?

2. Kwa nini povu linalotoka ukimwaga asidi juu ya marumaru si dalili ya usafi?

3. Ni vitu gani viwili vya kusafishia visivyopaswa kukutana kamwe?

4. Kwa nini fundi asage kwa maji?

Majibu: (1) Aoshe kwa sabuni kidogo, asuuze kwa maji safi na kukausha, kabla ya kufikiria dawa au mashine. (2) Povu ni jiwe lenyewe linaliwa na kugeuka gesi. (3) Jik, au dawa yoyote ya jamii yake, na asidi. (4) Maji huzuia vumbi la silika kuingia kwenye mapafu yake na ya wenye nyumba.

Ukikosa swali hata moja, soma tena sehemu yake kabla hujaenda dukani. Veranda ya mama sasa inang'aa. Tangu fundi aondoke haijaoshwa kwa kitu kingine ila maji, matone ya sabuni ya vyombo na kitambaa kikavu. Na kila nikifika nyumbani, mama hunikabidhi kile kitambaa kabla hata ya kunipa chai.